Doa Jekundu Juu ya Majaruba: Kisa cha Mbuga ya Igunga Iliyodaiwa Kuzama

Picha iliingia usiku kwenye simu ya mjomba wangu, kupitia kundi la WhatsApp la kijiji, ikiwa imeshapita mikono mingi. Ilikuwa ramani ya bonde letu huko Igunga, mkoani Tabora, iliyopakwa rangi: kijani kwenye miinuko, njano kidogo pembeni, na katikati, juu kabisa ya majaruba, yaani mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa matuta, doa jekundu refu kama ulimi wa ng'ombe. Chini yake mtu ameandika: "Setilaiti imethibitisha. Ardhi imezama sentimita 3. Sababu ni kisima."

Asubuhi alinipigia, hakuuliza hata watoto wameamkaje. "Mjomba," alisema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, "wewe ndiye uliyesomea mambo ya ramani. Njoo kabla ya mkutano wa kijiji."

Ilikuwa Oktoba 2024. Ukitokea Singida unateremka mlima Sekenke, na chini yake nchi ya Wembere inatandaa tambarare hadi jicho linachoka. Oktoba hakuna kijani cha kulitulizia. Mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni, imepasuka vipande vipande kama gamba la kobe, na kati ya kipande na kipande kuna ufa ambao ndama akiukosea anavunjika mguu. Tulipomaliza kuamkiana mjomba alinipeleka moja kwa moja kwenye jaruba la jirani yake, akachomeka fimbo yake ya kuchungia kwenye ufa. Ikazama hadi nusu. "Haya," akasema, "niambie hii si kuzama."

Kisima kinachosemwa ni cha mtu aliyenunua mashamba upande wa juu wa bonde, akachimba kisima kirefu mwaka 2021, na tangu hapo analima vitunguu kiangazi chote wakati wenzake wanangoja mvua. Simtaji, na hata kijijini wengi walimwita "tajiri wa vitunguu" tu. Malalamiko dhidi yake yalikuwa matatu, lakini yalikuwa yamefungwa mzigo mmoja: nyufa zimekuwa kubwa kuliko zamani, jaruba la yule jirani halishiki maji tena, likijazwa leo kesho ni tope, na kisima cha pete wanakochota akina mama kinashuka mapema kila mwaka. Picha ilipokuja, yote matatu yakapata shahidi mmoja. Watu walikuwa tayari kudai fidia.

Kilichonisumbua ni kwamba picha haikuwa ya uongo. Niliuliza hadi nikampata aliyeitengeneza, kijana wa chuo, mtoto wa kaka yake jirani. Hakunificha kitu. "Kaka, mimi nilimtumia baba mdogo tu aone. Yale maneno ya chini si yangu." Akanitumia mafaili yake yote siku hiyo hiyo. Alikuwa amefanya kazi safi kwa vifaa vya bure, kazi ambayo miaka 20 iliyopita ingehitaji ofisi nzima.

Nieleze kwanza alichofanya. Sentinel-1 ni setilaiti za rada za Ulaya. Ya kwanza ilirushwa Aprili 2014. Zinazunguka kama kilomita 700 juu yetu na kutuma mawimbi yao wenyewe, yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi, kwa hiyo giza na mawingu si kikwazo kwao. Igunga hupitiwa karibu na macheo au machweo, na setilaiti hurudi kwenye njia ile ile baada ya siku 12. Wimbi likigonga ardhi na kurudi, chombo huandika nguvu yake, na pia huandika wimbi limefika hatua gani katika kupanda na kushuka kwake. Hatua hiyo ndiyo inayoitwa fezi. Ardhi ikishuka kidogo kati ya ziara mbili, wimbi linasafiri mbali zaidi kwenda na kurudi, na fezi inabadilika. Badiliko la sentimita 2.8 kuelekea au kutoka kwenye setilaiti ni mzunguko mmoja kamili. Kwa hiyo milimita chache zinaweza kusomwa kutoka angani, mradi kile kilichorudisha wimbi mara ya kwanza kiwepo vile vile mara ya pili.

Hilo la mwisho ndilo linaloitesa kazi hii mashambani. Paa la bati halibadiliki, wala mwamba. Shamba linabadilika kila wiki: trekta limepita na plau, watu wamechavanga tope, mpunga umepandikizwa, maji yamejaa, mpunga umerefuka, umekatwa, ng'ombe wameingizwa kwenye mabua. Kila moja ya kazi hizo inavuruga fezi ikawa kama chenga za televisheni ya zamani. Wataalamu hupima mshikamano wa picha mbili, yaani jinsi fezi zake zinavyowiana, kwa namba kati ya 0 na 1. Kwenye majaruba ya Januari namba hiyo huanguka karibu na chini kabisa. Kijana alilijua hilo. Kwa hiyo alichagua miezi ambayo mashamba yamelala wazi, mwisho wa Mei hadi Oktoba, akaunganisha picha za siku 12 kwa siku 12 kama mtu anayehesabu hatua.

Uamuzi wake ulikuwa sahihi, na ndio uliozaa doa jekundu.

Udongo wa mbuga ni mfinyanzi mweusi ambao chembe zake hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Kuanzia Novemba hadi Aprili unanyanyuka. Kuanzia Mei unaanza kushuka, na nyufa ni alama ya kusinyaa huko kwa upande, wakati rada inaona kusinyaa kwa chini. Sentimita chache kwa msimu si ajabu katika udongo huu. Nguzo za umeme zinazoinama kila upande kwenye mbuga na kuta za nyumba zinazochanika juu ya madirisha ni kazi ya mwendo huo huo, na kila fundi wa Igunga anajua kwamba msingi wa kwenye mbuga huchimbwa kwa hofu. Sasa mtu akimpima ng'ombe uzito mwezi Mei, nyasi zikiwa bado tele, akarudi kumpima Oktoba, atakuta amekonda. Hawezi kusema hapo hapo kwamba mfugaji anamuua. Lazima amwone tena Machi.

Hapa nina dokezo dogo la historia, kwa sababu watu hudhani mambo haya yaligunduliwa kwa ajili ya volkano na matetemeko. Mwaka 1978 Marekani ilirusha setilaiti iliyoitwa Seasat kuchunguza bahari; ikafa baada ya siku 105 tu. Miaka 11 baadaye Andrew Gabriel, Richard Goldstein na Howard Zebker walichukua picha zake za Imperial Valley, California, wakaonyesha kwa mara ya kwanza kwamba rada inaweza kuona mwendo mdogo kabisa wa ardhi. Na walichokiona kikisogea kilikuwa mashamba. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umevimba baada ya kumwagiliwa. Yaani ufundi huu ulizaliwa shambani, ukitazama jambo lile lile ambalo kijiji chetu kilikuwa karibu kuliita uhalifu.

Lakini kusema "mbuga husinyaa" kusingetosha, na sikutaka kwenda mkutanoni na jibu la kitabuni. Kusukuma maji kutoka ardhini kunaweza kweli kuzamisha nchi. Bonde la San Joaquin, huko huko California, lilishuka kiasi cha mita 9 mahali pengine kati ya 1925 na 1977 kwa sababu ya visima vya kilimo. Mji wa Mexico unazama hadi leo, sehemu zake nyingine nusu mita kwa mwaka. Na upande wetu, mabonde ya Manonga na Wembere yana matabaka yaliyowekwa na ziwa la kale, yenye visukuku vya wanyama wa mamilioni ya miaka. Matope ya ziwa ni aina ya ardhi inayoweza kujikunyata maji yakiondolewa. Kwa hiyo tuhuma ya wanakijiji haikuwa upuuzi. Ilistahili kupimwa.

Nilikaa wiki nzima kwenye sebule ya mjomba, intaneti ikija na kuondoka, nikimpigia kijana kila jioni kulinganisha.

Tulianza na hizo sentimita 3 zenyewe. Rada haitazami chini wima. Hutazama kwa ubavu, nyuzi kati ya 30 na 45 hivi kutoka wima. Kipimo chake ni cha mstari huo wa kutazama, si cha kina. Kama mwendo wote ni wa kushuka, basi sentimita 3 za mstari wa rada kwa eneo letu ni karibu 4 za kushuka kweli. Katika hili ramani ilikuwa imepunguza chumvi badala ya kuongeza. Ila kulikuwa na tatizo jingine lililovuta upande wa pili. Unyevu wa udongo ukibadilika, fezi hubadilika hata kama ardhi haikusogea hata unywele, kwa sababu wimbi hupenya udongo mkavu tofauti na udongo wenye maji. Kila hatua ya siku 12 ikibeba kosa dogo la namna hiyo, na makosa yote yakielekea upande mmoja kwa kuwa udongo unazidi kukauka, basi ukiziunganisha hatua kumi unakuwa umelijumlisha kosa mara kumi.

Kuna njia ya kulinusa. Chukua tarehe tatu. Badiliko kutoka ya kwanza hadi ya pili, ukajumlisha la kutoka ya pili hadi ya tatu, lazima lilingane na la kutoka ya kwanza hadi ya tatu moja kwa moja. Kama ardhi imesogea tu, hesabu inafunga. Isipofunga, kuna kitu kingine humo ndani, mara nyingi unyevu au mimea. Yetu haikufunga kwenye majaruba, ikafunga vizuri kwenye mwamba na kwenye mabati. Tuliporudia kazi kwa jozi ndefu za siku 24, 36 na 60, doa jekundu likapauka. Halikufutika. Ardhi ilikuwa inashuka, ila si kwa kiasi kilichoandikwa.

Umbo la doa lilisema zaidi kuliko namba. Kisima kikivuta nchi chini, huacha bakuli: kina kikubwa karibu na kisima, kikipungua pole pole kadiri unavyokwenda mbali, bila kujali nani analima nini juu yake. Doa letu halikuwa bakuli. Kisima cha vitunguu kilikuwa nje yake kidogo, upande wa juu, kwenye udongo wa kichanga. Wekundu ulianza ghafla pale mbuga inapoanza na ukaishia ghafla pale inapoishia, kisha ukateremka na bonde mbali sana kuliko ambako mtu angefikiri kisima kimoja kinaweza kufika.

Wasukuma na Wanyamwezi wana majina ya udongo kuanzia kilimani hadi bondeni: luseni ya mchanga juu, kisha itogolo, kisha ibambasi ngumu isiyopenda jembe, hadi mbuga nyeusi chini. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani katika miaka ya 1930, aliufuata mfuatano wa namna hii huku Afrika Mashariki akaupa jina la katena, na leo neno hilo limo katika vitabu vya udongo duniani kote. Mjomba hajamsikia Milne. Lakini nilipompa karatasi tupu na kalamu, akachora mipaka ya mbuga kwa kumbukumbu, kisha tukaiweka karatasi juu ya ramani ya rada kwenye skrini. Akanyamaza. Mstari wake na ukingo wa wekundu vilikuwa vinafuatana karibu mwendo wote.

"Kumbe imechora udongo," akasema.

Hapo nilijua tuna jibu. Hata hivyo ushahidi ambao ungeweza kusimama mbele ya mtu mwenye hasira ulikuwa rahisi kuliko huo, na naona aibu kwamba ulinijia siku ya nne. Kisima kilichimbwa 2021. Sentinel-1 ilikuwa ikipita juu yetu miaka kadhaa kabla, na picha zake zimehifadhiwa, mtu yeyote anazipata bure. Hakuna aliyeziagiza kwa ajili ya kesi yetu. Zilipigwa tu, kila baada ya siku 12, wakati mahali pa kisima pakiwa bado kichaka. Tukachukua kiangazi cha 2018, cha 2019 na cha 2020, tukazipitisha katika hesabu ile ile, kwa miezi ile ile, na nukta ile ile ya kulinganishia, ambayo ni jabali la matale, yaani graniti, juu ya kijiji. Mbuga nyekundu. Mbuga nyekundu. Mbuga nyekundu. Mwaka mmoja wekundu ulikuwa hafifu, mwingine mkali, lakini ulimi wa ng'ombe ulikuwa pale pale kabla tajiri wa vitunguu hajanunua hata ekari.

Kuhusu nukta ya kulinganishia niongeze neno, kwa kuwa wengi huipita. Rada haisemi mahali fulani pameshuka. Inasema pameshuka kuliko pengine. Hapo "pengine" ni lazima uchague wewe. Kama kijana angeweka nukta yake katikati ya mbuga, ramani ile ile ingeonyesha mbuga imetulia na vilima vyote vya Igunga vinapaa. Alichagua jabali, akapatia.

Je, mbuga ilirudi juu masika? Hapa rada ilinyamaza. Kwenye majaruba yenyewe, kuanzia mvua za kwanza hadi mavuno hakuna mshikamano wa kutosha kusema lolote, na huwezi kuunganisha kiangazi kimoja na kinachofuata kwa kuruka shimo la miezi sita. Tulichoweza ni kutumia vitu vigumu vilivyo ndani ya mbuga: mabati ya ghala, kalavati mbili, vibanda viwili vya pampu. Hivyo hubaki vile vile mvua inyeshe isinyeshe. Vilipanda na kushuka kwa msimu, na mwisho wa kila mwaka vikawa karibu pale vilipoanza. Ila kalavati moja ilikuwa imeshuka bila kurudi, na tulipokwenda kuitazama tukakuta tuta lake linalika. Vitu vitano si shamba. Nilisema hivyo mkutanoni. Setilaiti ya NISAR, iliyorushwa na Marekani na India tarehe 30 Julai 2025, ina wimbi la sentimita 24 linalopenya majani vizuri zaidi, na huenda ikalipunguza shimo hilo la masika. Wakati wa kisa hiki haikuwepo.

Mkutano ulifanyika chini ya mkwaju wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alinipa nafasi baada ya mambo ya mwenge na madawati. Sikuonyesha fezi wala mshikamano. Nilionyesha picha nne za viangazi vinne kwenye karatasi kubwa, na ng'ombe wa Mei na Oktoba. Yule jirani, mwenye jaruba, alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Kwa hiyo tajiri ameshinda?" Wengine wakaguna. Nikasema picha hii haiwezi kutumika kumshtaki, basi. Mzee mmoja akasema hayo angeyasema hata bila setilaiti, kwamba babu yake alifungia mbuzi mbali na nyufa hizo hizo. Alicheka peke yake.

Kisha mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya maji, akasimama. "Mwanangu, nimekuelewa. Nchi haijazama. Sasa maji ya kisima chetu yamekwenda wapi?"

Nimelitafakari swali hilo kuliko mengine yote, maana ndilo ambalo wenye visima vikubwa wangependa lisiulizwe. Watu walikuwa wameyafunga mambo mawili pamoja: kama kisima kinaharibu maji, nchi itazama, nchi haikuzama, basi kisima hakina kosa. Sivyo. Kwenye matope mazito yaliyoshindiliwa na ziwa, maji yakiondoka chembe husogeleana na nchi hushuka. Lakini kwenye miinuko yetu maji ya visima virefu hukaa kwenye nyufa za matale na kwenye mwamba uliooza juu yake. Mwamba haujikunyati. Unaweza kushusha maji humo mita nyingi na jiwe likabaki pale pale, na rada isione kitu hata milimita moja. Kwa hiyo rada ilimwondolea yule bwana tuhuma moja tu, ya kuzamisha mbuga. Kwa habari ya maji haikumsafisha wala kumtia hatiani.

Nikamjibu mama hivyo, kwamba jibu lake halitoki angani, linatoka kwenye kamba ya kupimia maji kisimani. Kuchimba kisima kirefu na kusukuma maji kwa biashara kunahitaji kibali cha kutumia maji, na kibali kina kiwango chake. Huo ndio mlango wa kugonga, na ukienda kugonga ni vizuri uwe na vipimo mkononi.

Limebaki jaruba. Mkutanoni hakuna aliyelijibu, nikaondoka nikiwa na deni.

Nilirudi Januari, majaruba yakiwa yamejaa na vitalu vikiwa tayari kupandikizwa. Jaruba la jirani lilikuwa tope kama alivyosema, wakati ya pande zote mbili yakimetameta maji. Tulizunguka matuta yake asubuhi nzima. Liko ukingoni kabisa, pale mbuga inapokutana na ibambasi, na upande wa chini kuna korongo lisilofika hata hatua mia. Mjomba ndiye aliyeona: karibu na kona, chini ya nyasi, maji yalikuwa yakizunguka taratibu kama kwenye sinki. Shimo lenyewe lisingepitisha ngumi mbili.

Picha ya Sentinel-1 imeundwa kwa punje, yaani vipande vyake vidogo kabisa, za mita 5 kwa 20 hivi. Ndani ya punje moja shimo hilo ni kama si kitu. Tungechakata picha hadi leo tusingeliona.

Jirani akamtuma mtoto mashineni akaleta debe la pumba za mpunga. Tukazimwaga taratibu kwenye kizunguzungu, zikamezwa. Tukashuka korongoni, tukangoja. Baada ya muda, usawa wa kiuno kutoka chini ya korongo, pumba zikaanza kutoka kwenye ukuta wa udongo, kwanza chache, kisha kwa mkupuo, zikielea na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mtoto akapiga kelele kama aliyefunga goli.

Ibambasi ina chumvi ya sodiamu nyingi, na udongo wa namna hiyo ukiguswa na maji ya mvua huyeyuka kama sukari badala ya kushikamana. Ufa wa kiangazi ukifungua njia, mvua za kwanza zinaingia, zinabeba chembe, njia inapanuka, na baada ya misimu michache una bomba chini ya tuta. Kuziba mdomo wake kwa jiwe na nyasi, kama jirani alivyofanya miaka miwili, ni kuyaambia maji yatafute mlango wa pili. Tulichimba mtaro kukata tuta zima hadi chini ya usawa wa bomba, tukajaza mfinyanzi wa mbuga wenye unyevu kidogo, tabaka kwa tabaka, kila moja likishindiliwa kwa kinu kilichokatika. Bwana shamba alishauri kuchanganya jasi kwenye udongo wa ibambasi, na ni kweli jasi huifanya ishikamane, lakini siku hiyo hatukuwa nayo.

Jaruba lilishika maji. Bado ninashuku kwamba bomba lilianza pale hasa kwa sababu udongo mmoja husinyaa sana na wa jirani yake kidogo, kwa hiyo ufa hupenda kufunguka kwenye mpaka wao. Kama ni hivyo, basi ukingo wa doa jekundu ulikuwa na kitu cha kumwambia mwenye shamba, ila hakuna kati yetu aliyekuwa akiutazama ukingo. Wote tulikuwa tukibishana juu ya wekundu wa katikati. Kiangazi kijacho nitatembea ukingo huo wote na fimbo ya mjomba.

Kuhusu kisima cha pete, mweka hazina alipata kamba ya katani, akaifunga mafundo kila nusu mita, na jiwe mwishoni. Anashusha kila Jumamosi alfajiri kabla ya mchoto wa kwanza, halafu anaandika kwenye daftari la kaunta: tarehe, fundo, mvua imenyesha au la, na kama pampu ya vitunguu ilisikika usiku. Safu hiyo ya mwisho aliiongeza mwenyewe. Mara ya mwisho nilipopiga simu alikuwa amefika ukurasa wa pili.